Mkebe Ukiisha Mafuta

Sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro: mkebe wa bati uliowahi kubeba kilo mbili za mafuta ya kupikia. Mdogo wake huitwa kasuku, jina lililotoka kwenye mafuta yenyewe. Siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, mikebe hiyo huchota na kumimina tangu asubuhi, na mnunuzi aliyekomaa huupindua mkebe kwanza autazame kitako. Wapo wauzaji wanaokigonga kikabonyea kuelekea ndani, nafaka ikapungua kiganja kizima ilhali mkebe unaonekana umejaa pomoni.

Mkebe huo ukichoka kupima bado una kazi. Fundi wa jua kali ataukata aunde koroboi, au jiko dogo la kuchoma unga wa mbao. Mama mmoja ataujaza udongo apande dania. Mwingine ataupigilia misumari upande mmoja, matundu yachomoze makali, awe na kitu cha kukwaruzia karoti. Mtoto atautoboa, aufunge kamba, na kuanzia siku hiyo ni lori la kubeba mchanga. Hakuna hata mmoja wao atakayekwambia kuwa anafanya sanaa. Kila mmoja alikuwa na haja ya kitu, na kitu chenyewe kilikuwa uani.

Sasa ingia katika nyumba ya mmoja wao Jumapili usiku. Sahani zimeshaoshwa, mama anafikiria kulala, ndipo mtoto wa darasa la tatu anakumbuka: "Mama, mwalimu alisema kesho tupeleke kitu tulichotengeneza." Duka la vitabu limefungwa. Karatasi za manila hazipo, gundi haipo, rangi haipo. Nyumba nzima inaingia wasiwasi, na yule ambaye mchana alikuwa ametengeneza ngata ya majani ya mgomba pasipo hata kuitazama mikono yake, anasema hajui ufundi wowote.

Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa nchini kote Januari 2019, malalamiko ya namna hii yamezoeleka Kenya, hata mwaka 2021 kesi ya kuupinga mtaala huo ikafikishwa Mahakama Kuu. Sina nia ya kuifufua kesi hapa. Ila naamini sehemu ya uchungu wa wazazi ilitokana na dhana moja isiyo na msingi, kwamba kazi ya mikono huanzia dukani. Ukishaamini hivyo, kila zoezi la sanaa ni gharama mpya. Na mtoto anajifunza kwamba kilicho kizuri ni kile kilichobandikwa vimetameta.

Kisii na Nyamira hazikuwa mahali pa kuamini jambo hilo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti mbili ndogo zenye vilima vilivyobanana. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, anayebaki wa mwisho hupata mistari michache ya majani chai, migomba, ng'ombe mmoja na nyumba. Penye ardhi finyu hivyo hapana pa kutupa. Taka iliyomwagwa juu ya kilima huteremka na mvua hadi kwa jirani, kutoka kwa jirani hadi mtoni, na Mto Gucha, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, huipeleka hadi Ziwa Viktoria.

Mgomba kwanza

Atakaye kuanza bila kutoa senti aanze na mgomba. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa ili vichipukizi vyake vipate nafasi. Kwa hiyo katika boma lenye migomba, na ni maboma machache ya Gusii, nchi hii ya Kisii na Nyamira, yasiyo nayo, shina la kukata halikosekani. Wengi humpa ng'ombe au huliacha lioze kuwa mbolea. Hayo ni matumizi mema, lakini kabla ya kumpa ng'ombe bandua maganda.

Maganda ya nje, yaliyokwisha kukauka yenyewe shinani, yana rangi ya kahawia na ni magumu kiasi. Hayo ni ya kamba na ya kushonea. Ya katikati, meupe na laini, hukauka yakang'aa kidogo, nayo yanafaa kwa kazi ya kuonekana. Ya ndani kabisa yamejaa maji, achia ng'ombe. Chana maganda kwa upana wa kidole, uyaanike.

Hapo kwenye kuanika ndipo wengi hukwama, kwa sababu mvua ya Kisii haina miadi. Ganda likinyeshewa mara mbili tatu huota ukungu, likawa na madoa meusi, na baada ya wiki chache linakatika kama karatasi iliyoloa. Dawa yake ni ya zamani: jikoni penye moto wa kuni. Yaning'inize mbali na ndimi za moto, pale joto na moshi hupita. Yatanuka moshi kwa muda, lakini hayataoza. Siku ya kuyatumia, yanyunyizie maji na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu usiku mmoja. Ganda kavu kabisa huvunjika, lenye unyevu hupinda vyema.

Kazi ya kwanza iwe ngata, ile pete ya kichwani ya kutulizia mtungi, ndoo au mkungu wa ndizi. Kusanya majani makavu ya mgomba, yasokote yawe na unene wa mkono wa mtoto, yakunje kuwa duara, kisha zungushia maganda yaliyochanwa huku unakaza. Ncha ya mwisho ichomeke chini ya mizunguko iliyotangulia. Haihitaji gundi wala fundo. Mtoto wa darasa la pili anaiweza, na bibi yake, magokoro, ataikagua kwa kuiweka kichwani, siyo kwa kuisifu.

Anayeweza ngata anaweza kusokota kamba ya nyuzi tatu. Anayeweza kamba anaweza mpira. Kiini chake ni matambara yaliyobanwa. Juu yake zungusha majani makavu ukipishanisha, kila mzunguko ukatize uliotangulia, hadi tufe likae. Mwisho ni wavu wa kamba nyembamba uliofungwa mafundo kila zinapokutana. Vijana wa rika langu walichezea mipira ya karatasi za nailoni, zile za sokoni, zilizofumbatwa na kufungwa kwa katani. Kisha Agosti 28, 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutumika Kenya, ikiwa na adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, na malighafi ya mpira ikatoweka vichochoroni. Mifuko ya mkate ilisalia kwa kuwa vifungashio vya kiwandani havikuguswa na marufuku ile. Mpira wa mgomba, uliokuwa umedharauliwa, ukawa tena na sababu ya kuwepo. Haudundi sana, hilo nakubali. Ukilowa ni mzito kama jiwe na mlinda lango ana haki ya kuulaani.

Gunia la mbolea na fulana zilizochoka

Nyamira ni nchi ya chai. Ukipita Kebirigo, Sanganyi, Tombe au Nyansiongo, kijani cha chai kinakufuata pande zote, na palipo na chai pana mbolea, na palipo na mbolea pana magunia meupe ya kilo 50. Gunia likishamwagwa hufuliwa vizuri, maana chumvi ya mbolea huwasha ngozi na kuozesha uzi, kisha huanza maisha ya pili: kuanikia nafaka, kufunika kuni, kuziba pengo la ukuta wa banda la kuku, kubebea mkaa. Wengine hulijaza udongo na samadi, wakatoboa ubavuni na kupandikiza managu, sukuma wiki na chinsaga, kwa sababu gunia lililosimama huchukua nafasi ndogo kuliko tuta.

Mimi napenda zaidi zulia la mlangoni. Tope jekundu la Kisii halina adabu, na nyumba isiyo na kitu cha kupangusia miguu hulionja siku nzima. Chukua gunia safi, kata kipande cha sentimita 60 kwa 40, kunja kingo na uzishone. Tafuta fulana na sweta zilizochakaa. Kitambaa cha fulana ni bora kuliko cha shati kwa kuwa hakifumuki ovyo. Kikate vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa kidole kirefu. Kwenye gunia chora mistari kwa mkaa, kila sentimita mbili, wima na mlalo.

Sasa kifaa. Mwavuli uliovunjwa na upepo, na Kisii haukosi, una mbavu za waya. Ncha ya kila ubavu ina tundu pale kitambaa kilipokuwa kimeshonewa. Ukikatwa kwa urefu wa kiganja na kunolewa jiweni upande wa pili, ubavu huo ni sindano ya gunia isiyopinda. Ukiupinda ncha kidogo ni kulabu. Spoku ya baiskeli pia hufaa, na akina mama wengi waliofuma vitambaa vyeupe vya kufunika makochi ya sebuleni walijifunzia kwenye spoku iliyosuguliwa kabla ya kununua kulabu ya dukani.

Pale mistari inapokutana, toboa, pitisha kitambaa chini, kitokeze tundu la jirani, kaza fundo moja. Ndiyo kazi yote. Ugumu wake ni wingi: mistari ya sentimita mbili kwenye zulia la ukubwa huo hutoa mafundo 600 hivi, na atakaye zulia nene atabana zaidi. Kwa hiyo halifai kwa mtoto wa kupeleka kesho. Linafaa kwa familia, jioni baada ya jioni, redio ikiwa imewashwa, kila mtu akiwa na kona yake. Rangi hazihitaji mpango mkubwa. Sare za shule za watoto waliokua zitatoa buluu na kijani, na fulana za kampeni, zinazomwagika Kenya kila miaka mitano, zitatoa zilizobaki. Sijui matumizi bora zaidi ya uso wa mwanasiasa kuliko kupangusia tope.

Fundi cherehani wa mtaani naye asisahauliwe. Chini ya cherehani yake kuna gunia la vipande vidogo ambavyo mara nyingi huchomwa. Omba. Vinene vinajaza mito. Virefu vinasukwa vitatu vitatu kama nywele na kushonwa kwa mzunguko kuwa kishikio cha sufuria. Tahadhari moja: usitumie kitambaa cha polista kwa kishikio, kwa kuwa joto kali hukiyeyusha na kikagandia kidoleni. Jaribu uzi mmoja kwenye moto. Ukiacha jivu ni pamba. Ukijikunja kuwa kidonge kigumu cheusi ni plastiki.

Vizibo

Kizibo cha soda ni kitu cha ajabu, kwa vile kila mtu hukitupa na kila mtoto hukiokota. Ishirini na vinne vinatosha drafti nzima, kumi na viwili kila upande. Wa kwanza huvilaza vikitazama juu, wa pili huvipindua, na kete ikifika upande wa adui na kuwa mfalme hubebeshwa kizibo kingine mgongoni. Ubao ni katoni iliyochorwa miraba 64 kwa mkaa. Nenda stendi yoyote ya bodaboda wakati abiria hawapo, utaukuta mchezo huo na watazamaji wake wasemaji kuliko wachezaji.

Vizibo hivyohivyo, vikipigiliwa kwenye ubao meno yakitazama juu, ni kikwangua tope. Kiweke nje, kabla ya zulia letu la gunia. Tumia msumari mfupi wenye kichwa kipana katikati ya kizibo, upange vikaribiane, na ukumbushe wageni wasikikanyage peku.

Mashindano ya watoto ya kupanga vizibo kuwa maua na vipepeo ukutani siyapingi, lakini siyaonei shauku pia. Maua ya chupa za plastiki ndiyo yanayonishinda kabisa. Chupa imekatwa, imepakwa rangi, imechomekwa kwenye chupa nyingine, imekaa juu ya runinga miezi miwili ikikusanya vumbi, kisha imetupwa vipande kumi badala ya kimoja, tena vyenye rangi, wala anayenunua chupa kwa kilo haitaki tena. Hapo taka haikupungua. Ilipambwa ikasubiri.

Chupa ina kazi bora zaidi. Ya lita moja, iliyopinduliwa mdomo ukiwa umeinuliwa kidogo tu ndani ya sahani, huwanywesha vifaranga siku nzima bila kuzama, kwani maji hushuka pale yanapopungua. Na jerikeni ya lita tano ni nusu ya kibuyu chirizi cha kunawia mikono.

Kibuyu chirizi Wakenya wengi walikifahamu zaidi mwaka 2020, baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini kutangazwa Machi 13, lakini maofisa wa afya ya jamii walikuwa wameshakipigia debe vijijini miaka mingi kabla. Muundo ulienea kutoka Zimbabwe, ambako ulianzia kwenye kibuyu halisi. Simika miti miwili yenye panda, weka mti wa tatu juu yake na uning'inize jerikeni. Toboa tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na shingo, na ujaze maji hadi chini kidogo ya tundu hilo, ili yasitoke mpaka jerikeni iiname. Funga kamba shingoni, ishuke hadi kwenye fimbo iliyolala chini. Ukikanyaga fimbo, jerikeni inainama, maji yanachirizika, mikono inanawa bila kushika chochote. Sabuni hutobolewa na kuning'inizwa kando, chini ya mkebe uliopinduliwa ili mvua isiimalize. Chini mwaga kokoto, la sivyo nguruwe na bata wa jirani watajipatia dimbwi. Gharama yake ni kamba na nusu saa, na mtoto aliyekitengeneza shuleni atakisimamisha nyumbani bila kuambiwa, kwa sababu kukanyaga fimbo ni raha.

Mabaki ya Tabaka

Huwezi kuandika juu ya mikono ya Kisii ukapita kimya Tabaka. Katika eneo hilo la Mugirango Kusini ndiko linakochimbwa jiwe la sabuni, ambalo nje huitwa jiwe la Kisii, la rangi nyeupe, ya maziwa, ya waridi, ya kijivu, mpaka inayokaribia weusi. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko, sanamu yake ya Ndege wa Amani imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Hiyo ni kazi ya mafundi wakubwa na mawe makubwa. Inayotuhusu leo ni ile inayofanyika kwa vipande vinavyodondoka.

Jiwe hili ni laini kwa sababu lina ulanga ndani yake, madini yaleyale yaliyotumika kwa muda mrefu katika poda ya watoto. Kisu cha jikoni hulikata. Mchongaji akimaliza kiboko kikubwa, chini pamejaa vipande vya ukubwa wa yai, na katika nyumba za Tabaka hivyo ndivyo shule ya mtoto. Huanza kwa kusugua alichochonga mwingine, kisha hupewa kipande chake: yai, moyo, samaki, kiboko mdogo asiye na miguu ya kusumbua. Usuguaji, ambao kwa kawaida umekuwa kazi ya wanawake na watoto, hufanywa kwa msasa na maji, wa kukwaruza kwanza, laini mwishoni. Maji yana faida mbili. Hulainisha jiwe, na huzuia vumbi lake lisipae kuingia mapafuni, jambo ambalo wachongaji wengi wamelipuuza kwa muda mrefu. Anayejaribu nyumbani achonge nje, afunge kitambaa puani, na asugue majini siku zote.

Kuna mbinu moja ya Tabaka ambayo naiona imeumbwa kwa ajili ya darasa. Jiwe jeupe likishasuguliwa hupakwa rangi nzito, nyeusi au nyekundu. Rangi ikikauka, chora juu yake kwa ncha ya msumari: pundamilia, mistari, jina la mtu. Kila unapokwaruza, weupe wa jiwe hujitokeza. Mwisho nta hupakwa na kusuguliwa kwa kitambaa. Kosa la msumari haliwezi kufutwa, lakini linaweza kugeuzwa kuwa mstari zaidi, na watoto hulijua hilo haraka kuliko walimu.

Tabaka pia hutufundisha kuhusu soko, na somo lenyewe si tamu. Kinyago kinachouzwa ghali Ulaya hutoka kwa mchongaji kwa bei ndogo, na katikati wamepita watu wengi wenye magari. Ndiyo maana huwa sisisimki mheshimiwa anaposimama kwenye hafla na kusema kwamba vijana waokote taka watengeneze bidhaa wauze ng'ambo. Wapo waliofanikiwa. Lamu, mafundi waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki na patipati zipatazo 30,000, likazinduliwa 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mapema 2019. Mwaka 2021 mradi huohuo ukaleta ujumbe wake Ziwa Viktoria. Lakini lile lilikuwa na mafundi wa majahazi waliozaliwa katika kazi, na wafadhili. Zulia la mlangoni Nyamaiya, Nyamira, halihitaji mnunuzi wa ng'ambo. Linahitaji mlango.

Visivyookotwa

Kabla sijafika kwenye ekee, kikapu cha mwisho wa makala haya, kuna vitu ambavyo havifai kuingia nyumbani hata viwe vizuri vipi. Cha kwanza ni chupa na jerikeni za dawa za kunyunyizia mimea na za kuogeshea ng'ombe. Rangi yake inavutia na mfuniko unabana vyema, na ndiyo maana huishia kuwekewa maziwa. Plastiki hunyonya sumu, na kuosha hakuiondoi yote. Chupa hiyo suuza mara tatu ukimwaga maji hayo kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha itoboe ili asije mwingine akaiokota. Mikebe ya rangi ya zamani isipikie chochote. Betri zisipasuliwe kutafuta ule unga mweusi wa kuchorea, ingawa wengi wetu tuliutumia kupaka ubao. Na plastiki isiyeyushwe ndani ya nyumba. Yule fundi anayezunguka sokoni akiziba nyufa za mabeseni na viatu vya sandak kwa kisu cha moto hufanya kazi yake mahali pa wazi, upepo ukimsaidia.

Ekee

Nimekiweka mwisho kwa sababu ndicho kigumu na ndicho kizuri. Ekee ni kikapu cha Abagusii kilichoshonwa kwa mabua ya wimbi, cha kupakulia obokima, ugali wa wimbi. Sahani ya bati au ya plastiki huufanya ugali utoe jasho, chini pakalowa. Ekee huacha mvuke upite, ugali ukakaa moto na mkavu. Kikapu hiki hakikuumbwa kiwe pambo, ingawa siku hizi utakiona kimetundikwa ukutani katika nyumba za waliohamia mijini, na ndani yake funguo za gari.

Mabua ni taka ya mavuno. Nafaka ikishatolewa, bua hubaki, na hapo ndipo kazi inapoanza. Fungu la mabua lenye unene wa penseli hufungwa na uzi, likazungushwa kama jongoo aliyeguswa, na kila mzunguko hushonwa kwenye uliotangulia. Ukitaka kitako, mzunguko mpya ulaze kando ya wa zamani. Ukitaka ukuta, uulaze juu yake. Ongeza bua moja moja kabla fungu halijawa jembamba. Ukingoja mpaka limepungua ndipo uongeze matano kwa mpigo, kikapu kitakuwa na uvimbe ambao hakuna kushona kutakakouficha.

Wimbi limepungua Gusii. Chai na mahindi vimechukua mashamba, na msichana wa leo huenda asione shamba zima la wimbi kabla ya kufika kidato cha pili. Lakini kanuni ya ekee haijali bua. Fungu la maganda ya mgomba hufanya kazi ileile, na uzi wa kushonea unaweza kufumuliwa kutoka gunia la nailoni, mweupe, au wa rangi ikiwa gunia lilikuwa la sukari au vitunguu. Sindano ni ule ubavu wa mwavuli. Kwa hiyo vingi vilivyotajwa katika makala haya hukutana hapa, na zoezi la shule ambalo lingemgharimu mzazi nauli na gundi linaweza kufanyika mlangoni kwa magokoro, ambaye ana maarifa na hana wa kumpa. Walimu wakuu wa Kisii na Nyamira wanaotafuta wakufunzi wa sanaa wangeweza kuanza kwa kumwalika mmoja wao asubuhi moja kila muhula, na kumlipa. Nasema kumlipa kwa sababu wazee huitwa shuleni mara nyingi kwa soda na mkate.

Anayeanza ajaribu kitu cha upana wa kiganja, cha kuwekea mayai au sabuni, asikimbilie ekee kamili. Akiweza mizunguko minane bila kikapu kupinda upande, mkono umeshaelewa. Kwa wale watakaotaka mabua halisi ya wimbi, mavuno ya msimu wa mvua ndefu huwa katikati ya mwaka, Julai na Agosti. Mwenye shamba aombwe mapema, kabla ya kuvuna, maana mabua yakishafika zizini ng'ombe hawabakizi.